Mifano ya vyombo vya vita, na mtepe ambao hauuzwi kwenye kisanduku

Jioni moja baada ya sala ya alasiri, kijana wa mtaa wetu hapa Langoni alikuja barazani na kisanduku alicholetewa na mjomba wake kutoka Maskati. Juu ya kifuniko pamechorwa kifaru cha T-55 kikitimua vumbi. Ndani hamkuwa na kifaru. Mlikuwa na fremu za plastiki ya kijani, vipande vingi vimeshikana kwenye vijiti kama ndizi kwenye mkungu, kitabu cha michoro na karatasi ya nembo. Fundi mmoja wa zamani wa majahazi, aliyekuwa ameketi nasi, akakitwaa kifuniko akakisogeza karibu na macho.

"Hichi ni cha kuchezea, mwanangu?"

"La, babu. Ni mfano. Unauunga mwenyewe kwa gundi."

"Na hii moja, mkwaju, thelathini na tano, ni nini?"

"Ni skeli. Kila kitu kimepunguzwa mara thelathini na tano."

Mzee akanyamaza kitambo. "Basi yuko mtu alikwenda akakipima kifaru kizima, hata vichwa vya misumari yake."

Ndivyo ilivyo, na maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Vijana kadhaa wa visiwani wameanza kuvipenda visanduku hivi, na wazazi wanauliza ni kitu gani. Nitaeleza mifano hii ni nini, ilianzaje, ipi inahusu vita vilivyopita kwetu, na namna ya kuiunga katika hewa yetu ya chumvi. Kisha nitarudi kwenye neno la mzee, kwa sababu hapa Lamu tuna vyombo vyetu vya kihistoria na vingi havijawahi kupimwa.

Mchezo, pambo na mfano

Vitu hivi vitatu hufanana kwa mbali. Gari la kuchezea hutengenezwa ili mtoto alivute, livumilie kuangushwa. Pambo hutengenezwa ili lipendeze. Mfano wa skeli hutengenezwa ili ukichukua rula ukapima sehemu yake yoyote, ukazidisha kwa namba ya skeli, upate kipimo cha kitu chenyewe. Kama mzinga wa kifaru una kipenyo cha milimita 100, kwenye mfano wa 1/35 tundu lake halifiki milimita tatu. Ukiwa na milimita tano, hilo ni pambo, hata likiwa zuri vipi.

Majahazi madogo yanayouzwa madukani kwetu, mengi ni mapambo. Silidharau kazi hiyo, imelisha nyumba nyingi na mikono inayoichonga ni mikono hodari. Lakini mchongaji hulazimika kumfuata mnunuzi. Mgeni anataka chombo kiingie kwenye mkoba wa ndege, kwa hiyo mlingoti unafupishwa. Mlingoti wa jahazi huinamia omo, lakini ule wa dukani mara nyingi umesimama wima kama wa bendera, kwa sababu ni rahisi kuuchomeka. Foromali inakuwa fupi, tanga linakuwa dogo, na tumbo la chombo linakuwa nene ili kisianguke mezani. Mtu wa miaka mia ijayo akilipata pambo hilo peke yake, atadhani babu zetu walisafiri na kitu kilichokuwa kikienda mrama kila kikikutana na kusi.

Skeli kwa vipimo vya kwetu

Namba zilizoandikwa kwenye visanduku huwatisha watu bure. Wazee wetu walipima kwa mwili: wanda, shibiri, dhiraa, pima. Dhiraa moja ni shibiri mbili, na kwa hesabu ya zamani ni wanda ishirini na nne, yaani upana wa vidole ishirini na vinne. Pima ni dhiraa nne, mikono miwili ikinyooshwa kutoka ncha hadi ncha, futi sita hivi.

Sasa tazama. Ukichonga chombo ambacho kila wanda moja ya mfano ni dhiraa moja ya chombo cha kweli, umefanya skeli ya 1/24 bila kuijua. Hiyo ni skeli inayotumika sana duniani kwa mifano ya magari. Na skeli maarufu ya ndege na vifaru vidogo ni 1/72. Pima ina inchi 72, kwa hiyo 1/72 maana yake ni inchi moja kwa pima moja. Fundi wa Matondoni akiambiwa hivyo haitaji karatasi.

Kwa mizani ya macho: jahazi la pima kumi, futi sitini, litakuwa na inchi kumi kwenye skeli ya 1/72, nusu mita na kidogo kwenye 1/35, na inchi thelathini kwenye 1/24. Baharia mtu mzima atakuwa na sentimita mbili na nusu kasorobo, au tano kasoro kidogo, au saba na zaidi kidogo. Kifaru cha T-55, ambacho kiwiliwili chake kina mita 6.45 bila mzinga, kinatoka sentimita 18 na nusu hivi kwenye 1/35. Ndiyo sababu watu wa vifaru wanaipenda skeli hiyo: kinakaa juu ya kiganja na bado unaona kila kifuniko na ndoano. Meli za vita haziwezekani hivyo. Hizo hupunguzwa mara 350 au mara 700.

Zilianzaje

Mifano hii ilishika vita kabla ya kushika watoto. Skeli ya 1/72 ilianza kuenea Uingereza katika miaka ya 1930 kwa mifano ya ndege, na Vita Vikuu vya Pili vilipokuja jeshi likaona faida yake. Askari wa mizinga alipaswa kujua kwa kutupa jicho moja kama ndege inayokuja ni ya adui au ya kwao, na picha ya karatasi haimwonyeshi ndege ikigeuka. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge mifano nusu milioni ya ndege kwa skeli hiyo, ya mbao, ili ifundishie. Ukiishika mbali kiasi fulani, inaonekana sawasawa na ndege ya kweli iliyo mbali mara sabini na mbili zaidi. Kosa la kipimo hapo lingeweza kumfanya mtu amlipue ndugu yake.

Plastiki ilikuja baadaye. Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939, iliwahi kutengeneza vitana vya nywele. Kilichoifungulia njia ya mifano ya bei rahisi si kifaru wala ndege. Ni meli ya matanga, Golden Hind, iliyotolewa mwaka 1952 na kuuzwa kwenye maduka ya Woolworths. Nayo Tamiya ya Shizuoka, Japani, ambayo leo jina lake ndilo la kwanza kutajwa na wapenzi wa vifaru, ilianza kama kampuni ya kupasua mbao baada ya vita, ikatengeneza meli za mbao, na ikahamia plastiki mwaka 1960 hivi baada ya soko la mbao kuikimbia. Kifaru chake cha kwanza cha plastiki, Panther wa Kijerumani, kilitoka mwanzoni mwa muongo huo. Walitaka kiende chenyewe, kwa hiyo walikipa ukubwa wa kuweza kumeza mota na betri. Baadaye walipopima wakakuta kimefika karibu 1/35. Skeli hiyo isiyo na maana yoyote kwa inchi wala sentimita ikawa sheria ya dunia kwa sababu ya betri mbili.

Plastiki yenyewe si ngeni kwa mafundi wetu. Mwaka 2018 hapa hapa Lamu iliundwa Flipflopi, dau la mita tisa lililojengwa kwa taka za plastiki na ndara zilizookotwa, kazi iliyoongozwa na fundi Ali Skanda, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja.

Vita vilivyopita kwetu

Mtu huchagua kisanduku kwa sura ya kifuniko. Ningeomba kijana wa pwani achague kwa njia nyingine: aulize ni chombo gani kilikanyaga nchi hii.

Kipo. Mwaka 1940 Waitalia walikuwa Somalia na Uhabeshi, na mpaka wao haukuwa mbali na sisi. Majeshi ya Waingereza yakakusanyika kaskazini mwa Kenya na kando ya mto Tana: askari wa KAR, wa Afrika ya Magharibi na wa Afrika Kusini. Walishambulia El Wak tarehe 16 Desemba 1940. Tarehe 14 Februari 1941 waliingia Kismayu, mji ambao manahodha wa Lamu wanaujua kama wanavyojua Malindi, na tarehe 25 mwezi huo huo wakawa Mogadishu. Katika msafara huo kulikuwa na magari ya deraya yaliyoitwa Marmon-Herrington. Yaliundwa Afrika Kusini juu ya chesisi ya lori la Ford, na yale ya aina ya pili yakafungwa mitambo ya kampuni ya Marekani iliyoyapa jina, magurudumu yote manne yakawa yanasukuma. Ni gari la sura mbaya, kama sanduku la bati lenye macho. Kisanduku chake cha 1/35 kinapatikana, kimetolewa na kampuni ya IBG ya Poland, na likikamilika halifiki shibiri. Kama ungetaka chombo kimoja tu cha vita hivyo kwenye rafu yako, ningekushauri hilo kabla ya Tiger wa Hitler, ambaye hakuwahi kuja huku.

Vita Vikuu vya Kwanza vilituachia manowari. Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza waliihangaikia miezi mingi, mpaka tarehe 11 Julai 1915 ilipoangamizwa pale pale mtoni. Lakini hadithi yake haikuishia majini. Wajerumani waliitoa mizinga yake yote kumi ya milimita 105, wakaitengenezea magurudumu Dar es Salaam, wakapigana nayo nchi kavu. Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utaona mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus, maadui wawili wametulia sehemu moja. Meli nzima ilikuwa na mita 115, kwa hiyo kwenye skeli ya 1/700 inatoka sentimita 16 na nusu.

Hapo nina neno. Mizinga hiyo ya Königsberg haikujivuta yenyewe. Ilivutwa na watu kwa kamba, mamia yao, kwenye matope na mbuga. Upande wa Waingereza nao ulikuwa na wapagazi wake, wale wa Carrier Corps walioacha jina lao kwenye Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Sijapata kuona kisanduku chenye wapagazi. Utapata askari wa Kijerumani wa kila kofia, utapata mapipa, mitungi ya petroli, hata mbwa. Mtu anayeiunga Königsberg au mzinga wake na akataka kusema kweli, itabidi awachonge wapagazi mwenyewe.

T-55 ya yule kijana nayo si ngeni kabisa Afrika Mashariki. Vifaru vya ukoo wake vilitumika katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kutokana na vita hivyo makombora ya BM-21 yanakumbukwa Uganda kwa jina la saba saba.

Na vita vyetu wenyewe? Karibu mwaka 1812 watu wa Mombasa na Pate walikuja na vyombo wakatua Shela kuja kuipiga Lamu. Walishindwa, wakakimbilia vyomboni, wakakuta maji yametoka na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Walichinjwa ufuoni. Ngome tunayopita mbele yake kila siku tukienda sokoni ilijengwa baada ya vita hivyo, ikakamilika mwaka 1821. Fikiria mandhari ya vita vya Shela kwa skeli ya 1/72: mchanga, maji yaliyokupwa, vyombo vimelala ubavu. Hakuna kiwanda kitakachokuuzia. Na ukitaka kuchonga mwenyewe unakwama kwenye swali la kwanza kabisa: vyombo vile vilikuwa na vipimo gani?

Kuunga kisanduku katika hewa ya Lamu

Maelekezo ya kisanduku yameandikwa kwa watu wa nchi baridi na kavu, kwa hiyo nitasema yale ambayo karatasi haisemi.

Kipande hakivunjwi kwa mkono kutoka kwenye fremu. Kikate kwa koleo dogo, halafu ukisafishe kwa wembe na msasa laini. Usikate vyote siku moja, utavipoteza na paka atavichezea. Gundi ya plastiki haigandishi kama supaglu. Inayeyusha pande mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo tone dogo linatosha, na ikimwagika juu ya uso wa mfano haifutiki. Harufu yake ni kali. Fanya kazi barazani au darini penye upepo, mtoto mdogo asikae nayo chumbani, na chupa ifungwe kila mara.

Rangi ndiyo taabu yetu. Siku za masika hewa imejaa maji, na rangi ya kupuliza ya aina ya laka ikikauka katika hewa hiyo huota ukungu mweupe. Ngoja siku kavu ya kaskazi, au tumia rangi za maji kwa brashi, tabaka nyembamba mbili tatu. Vikopo vya bati huota kutu upesi kwa chumvi. Hamishia rangi kwenye chupa za kioo. Nembo huloweshwa kwenye maji, huteleza kutoka kwenye karatasi na kubandikwa. Maji ya kisima yenye chumvi huacha doa jeupe likikauka, kwa hiyo tumia ya mvua. Jua la saa saba likiupiga mfano uliowekwa dirishani, plastiki hujikunja. Vumbi la vichochoroni, wacha. Funika mfano na kitu.

Wapo wasiopenda kuweka sanamu za watu ndani ya nyumba. Hilo halina shida, gari hukamilika bila askari wake, na visanduku vingi vya magari huuzwa bila watu au humwachia mwenye kuunga hiari.

Mtepe

Sasa nirudi kwa mzee. Chombo kilichoipa visiwa hivi jina ni mtepe. Haukuwa na msumari hata mmoja wa chuma. Mbao zilitobolewa kwa keekee, zikashonwa kwa kamba za usumba na kukazwa kwa vigingi vya mti, mashimo yakazibwa. Tanga lake lilikuwa la mraba, mkeka uliosukwa. Omo yake ilirefushwa kama shingo ya ngamia, na imechorwa macho. Ulikuwa mwepesi kujipinda juu ya fungu bila kuvunjika, na ulivuja, mabaharia hawakupata usingizi kwa kuteka ngama na upo. Pate ilisifika kwa kuiunda, hasa upande wa Faza. Ufundi wa kushona vyombo pwani hii ni wa kale: kitabu cha Kiyunani cha safari za bahari, Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja bandari ya Rhapta na kusema jina lake limetokana na vyombo vya kushonwa.

Mitepe ya mwisho ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. James Hornell aliandika juu yake mwaka 1941, naye A.H.J. Prins, mtafiti Mholanzi aliyekaa kwetu na kuandika kitabu juu ya ubaharia wa Lamu kilichotoka mwaka 1965, aliifuatilia ikiwa tayari ni habari ya wazee. Hakuna mtepe wa kale uliobaki ufuoni. Tulicho nacho ni picha chache, maandishi ya walioiona, na mifano midogo. Ingia Makumbusho ya Lamu pale mbele ya bahari utaona mifano ya vyombo. Simama mbele ya mtepe mdogo ufikiri kidogo: mchongaji wake huenda alifanya kazi ya mkono tu, bila kujua kwamba atakuwa shahidi. Kila alipokosea kipimo, kosa lake limekuwa historia, kwa maana hakuna tena chombo cha kumsahihisha. Alipopatia, tumeokoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe wa ukubwa kamili ulishonwa upya Unguja na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Mafundi walilazimika kurudi kwenye picha na mifano hiyo hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka.

Angalia tofauti. Kifaru cha Panther kina vitabu vya michoro, kila msumari una namba, na vifaru vyenyewe vimehifadhiwa nchi kadhaa. Kikiisha kabisa duniani, mtu atakiunda upya kutokana na mifano ya plastiki iliyomo vyumbani mwa watoto. Mtepe uliobeba boriti na nafaka kwa karne nyingi hauna hata mchoro mmoja wa vipimo ambao kijana wa Langoni anaweza kuuchukua na kuanza kuchonga.

Kilichopotea kimepotea. Ninachohofia ni jahazi. Bado tunaliona kila siku, kwa hiyo tunadhani tunalijua. Lakini boti za faiba na mashini zinaongezeka, mbao ngumu za mbambakofi ni ghali, na majahazi makubwa ya kubeba mizigo yamepungua machoni petu sisi tulio hai. Mafundi wa Matondoni huunda kwa jicho na kwa mkono, bila karatasi, na hiyo ni sifa yao. Fundi akizikwa, vipimo vimezikwa naye.

Jinsi ya kukipima chombo

Haihitaji mashine. Unahitaji kamba, timazi, pimamaji, rula, daftari na mtu wa kukushikia. Na uhitaji ruhusa ya mwenye chombo, usimpande mtu jahazi lake kama mwizi.

Wakati mzuri ni chombo kinapopandishwa ufuoni siku za bamvua kupakwa shahamu, mkuku uko wazi na tumbo lote linaonekana. Usisubiri, maji yakirudi yamerudi. Anza na urefu: kutoka ncha ya omo hadi tezi, kisha urefu wa mkuku peke yake, kisha mahali omo inapoanza kuinuka. Funga kamba juu ya sitaha kutoka omo hadi fashini, iwe imenyooka katikati na imewekwa sawa kwa pimamaji. Weka fundo kila dhiraa moja. Kwenye kila fundo pima upana hadi ukingo, teremsha timazi ukingoni, halafu pima umbali kutoka uzi wa timazi hadi ubavu wa chombo, shibiri kwa shibiri kwenda chini. Upande mmoja unatosha, wa pili ni pacha wake, ingawa fundi mkweli atakwambia si pacha kabisa.

Pima unene wa ubao na nafasi kati ya taruma na taruma. Pima mlingoti na uandike umeinama kiasi gani. Foromali mara nyingi imeungwa kwa miti zaidi ya mmoja, andika maungio yako wapi. Chora gubeti kwa mkono hata kama huwezi kuchora, kwa sababu michongo ya gubeti hutofautiana na ni alama ya fundi. Piga picha kutoka ubavuni ukiwa mbali, na mtu asimame kando ya chombo awe kipimo. Na muulize fundi jina la kila sehemu, uliandike kama alivyolitamka kwa Kiamu, usilisahihishe kwa kamusi.

Ukimaliza una kitu chenye thamani kuliko mfano wowote uliowahi kuuona dukani. Kwa karatasi hiyo mchongaji anaweza kuchonga jahazi la 1/24 ambalo mlingoti wake ni wa kweli, na ambaye mgeni hamtaki atamtaka mwenye kukusanya mifano, watu ambao hulipia usahihi na hawanuni bei. Nakala moja ya vipimo ipelekwe makumbusho, nyingine ibaki kwa mwenye chombo.

Yule kijana bado hajafunga minyororo ya kifaru chake. Fremu mbili zimebaki ndani ya kisanduku. Bamvua lililopita alikuwa ufuoni na kamba ya mafundo, amemshikia mzee ncha ya upande wa omo wa mashua moja iliyolazwa kupakwa. Walifika pima nne na dhiraa mbili kabla maji hayajaanza kujaa, na upande wa tezi umeachwa hadi bamvua lijalo.